Kidhibiti

Isevya, Tabora, mwezi wa saba,
saa mbili asubuhi na bado mvuke unatutoka mdomoni.
Bi Nyanzala ananifungulia geti kwa kiwiko.
"Tangi linanguruma usiku, fundi.
Linanguruma kama treni iliyokataa kusimama stesheni."

Amepanga ndoo nne ukumbini,
na beseni, na sufuria lile la shughuli,
tayari kwa mafuriko.
Simwambii kwamba hatutamwaga hata tone.
Mtu aliyejiandaa usimvunje moyo mapema.

Nashusha swichi kubwa. Naibandika karatasi:
USIWASHE, MTU YUKO KAZINI,
ingawa nyumba nzima ni yeye na mimi
na paka asiyejua kusoma.
Nagusa kila skrubu kwa tesita. Giza.
Nagusa tena.
Mwalimu wetu alitufundisha kugusa mara mbili,
akihesabu kwa vidole vyake vinane.

Mfuniko unatoka na kutu yake.
Waya wa kahawia huku, wa bluu kule,
naandika kiganjani nisije nikajidai nakumbuka.
Kisha navuta, polepole,
fimbo ya shaba ndefu kama mwiko wa ugali,
inateleza kutoka alani mwake, kavu.
Bi Nyanzala anazichungulia ndoo zake,
kisha ananichungulia mimi.
"Ndiyo hiyo tu?"
Ndiyo hiyo tu, mama.

Nakifunua kichwa kwa bisibisi.
Ndani mna vidomo viwili vya chuma:
maji yakipoa vikutane,
yakichemka viachane,
kazi yao nzima duniani ni hiyo.
Sasa vimeshikana. Cheche zimevishona.
Miaka kumi na tisa vilijua kusema basi,
na usiku mmoja wa Jumanne
visijue tena.

Hapo ndipo ninapoiona bandeji
chini ya upindo wa khanga.
"Sukari, mwanangu. Vidole vina ganzi tangu mfungo.
Niliweka mkono bombani nikaona sawa tu.
Kesho yake ngozi ndiyo iliyoniambia."
Anasema hivyo kama anayetaja bei ya mkaa.

Sina la kujibu. Nafungua kipya.
Sokoni walikuwa na vifupi tu,
hiki kimekuja na treni, siku tatu njiani,
kimeviringishwa gazeti la mwezi uliopita.
Nakilaza kando ya cha zamani, kichwa kwa kichwa,
ncha kwa ncha. Sawasawa.
Kinaingia alani bila ubishi.

"Weka palepale alipoweka Mihayo," anasema.
Pale ni sabini na tano, alama ya msumari.
Marehemu alikuwa akirudi karakana ya reli
na grisi hadi kwapani,
maji mengine hayakumwelewa.
"Na mimi jina langu ni la mwaka wa njaa, fundi.
Sijazoea kupimiwa."

Naweka sitini.
Ananiona nikiweka sitini.
Paka anahama chumba.

"Fungua la baridi kwanza, mama,
halafu pima kwa kiwiko, kama maji ya mtoto..."
"Nimeogesha saba hivyo. Na wewe
usingekuwa mkubwa ningekuogesha."

Nakaza skrubu, narudisha mfuniko, napandisha swichi.
Tunakaa kwenye ndoo, mdomo chini,
yeye moja, mimi moja,
tunasikiliza tangi kama watu wanaosubiri
simu kutoka Nzega.
Anatoa karanga. Nazimenya mimi, anazila yeye.
Saa nzima, na dakika kadhaa.

Tak.

Sauti ndogo, ya kucha juu ya meza.
Halafu kimya,
kimya ambacho nyumba hii haikuwa nacho wiki mbili.
"Kimesema," anasema Bi Nyanzala.

Anainuka, anageuza ndoo yake,
anafungua bomba la baridi, kisha la moto,
anachota kwa kopo, ananimiminia mikononi
pale kutu ilipochanganyika na wino
wa kahawia huku, bluu kule.
"Yakoje?" ananiuliza,
macho yake usoni pangu, siyo kwenye maji.